Mama wa Steshenari Anajibu: "Nimeomba kazi mara 43"

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikaa ofisini miaka 31, nikaanzia masijala nikaishia utumishi. Tangu nistaafu nina kibanda cha steshenari hapa Mtwara mjini, hatua chache kutoka soko kuu. Nachapa, naprinti, naskani, natoa kopi. Barua za kuomba kazi zinazopita mikononi mwangu sasa ni nyingi kuliko nilizozisoma enzi zile. Zamani nilikuwa upande wa ndani wa dirisha, sasa nipo nje pamoja nanyi, na joto la nje nimelijua.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 26, nilimaliza shahada ya biashara 2022, naishi Newala kwa wazazi. Nimeshaomba kazi mara 43, nyingi kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, sijaitwa kwenye usaili hata mmoja. Watu wananiambia bila konekisheni nisijisumbue. Nifanyeje?*
*– Kijana wa Newala*

Marahaba mwanangu. Nilikuomba unitumie CV na barua, ukavituma usiku uleule. Kwa hilo tu nimekupenda, maana wengine huniambia "nitatuma" mpaka tangazo linafungwa.

Ukurasa wa kwanza unasema wewe ni "mchapakazi, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu bila kusimamiwa". Baba, sentensi hiyo naiprinti karibu kila siku. Wiki iliyopita kaja binti nayo, chini kabisa kaacha jina la mwenzake aliyemwazima CV. Msomaji wa ofisini akiifikia jicho linaruka lenyewe, kama unavyoruka maneno ya kwenye kiberiti.

Nikakupigia. Nikakuuliza miaka yote hii unashinda unafanya nini, ukajibu, "Nipo tu Mama, nasubiri." Nikakubana. Ndipo ukasema msimu wa korosho huwa unaitwa chama cha msingi cha ushirika kupima, "lakini ile siyo kazi, ni kibarua".

Siyo kazi? Mkulima kapalilia, kapulizia salfa, kaokota moja moja, leo kashusha magunia mbele yako, na wakati wewe unasoma mizani yeye hatazami mizani, anatazama uso wako. Unakagua ubora, unaandika kilo, unampa stakabadhi yake. Jioni daftari lako lisipolingana na hesabu ya ghala, haondoki mtu. Umefanya hayo misimu miwili na wakulima wakataka urudi. Watu wanaoaminiwa na mkulima wa korosho kwenye mizani ni wachache, muulize baba yako.

Basi tukaiandika upya, naiweka hapa kwa ruhusa yako:

*Karani wa mizani (kazi ya msimu), chama cha msingi cha ushirika, Newala. Oktoba hadi Desemba, 2022 na 2023. Nilipima na kukagua korosho ghafi, nikaandika stakabadhi za wakulima, na kila jioni nikalinganisha daftari la mizani na hesabu ya ghala. Msimu wa pili niliwafundisha kazi makarani wawili wapya.*

Hao makarani wawili uliwataja tunaagana, kama mtu aliyesahau mwavuli. Ningekata simu mapema wangepotea.

Sasa hiyo konekisheni. Sitakudanganya kwamba haipo. Nimekaa ndani, vimemo nimeviona, vingine vimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Lakini maombi yako mengi hayakufika hata pa kuonewa. Nimefungua viambatisho: badala ya cheti cha chuo umeweka karatasi ya matokeo ya muda. Sekretarieti ya Ajira huandika kwenye matangazo yake, kila mara, kwamba matokeo ya muda na zile hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki; wanataka cheti chenyewe. Barua yako haina sahihi, umechapa jina ukaona imetosha. Na jina lenyewe: cheti cha kidato cha nne kinasema Saidi, kitambulisho cha NIDA kinasema Said. Wewe unajua ni mtu mmoja. Anayechambua mafaili anaona watu wawili. Nenda kwa wakili uandikishe hati ya kuyaoanisha majina hayo, uiambatanishe kila unapoomba. Utakuwa umemaliza, na hata siku ya kudai mafao NSSF utanishukuru.

Wadhamini watatu unaowaweka, mmoja ni diwani. Nikakuuliza, diwani anakujua? "Ananijua baba." Mtoe. Weka mwenyekiti wa chama cha msingi aliyekuita msimu wa pili bila kuombwa, na mwalimu wako wa chuo. Kisha wapigie uwaambie umewaandika. Enzi zangu nilishawahi kumpigia mdhamini akaniuliza, "Huyo ndiyo nani?" Faili likafungwa pale pale.

Mara 43 ni nyingi mno, nyingine umeomba uafisa mifugo na wewe ni wa biashara. Omba chache zinazokuhusu. Na huku ukisubiri ya serikali, shuka Mtwara mwezi wa nane, usingoje Oktoba kila mtu akishaamka. Pita kwenye maghala, kampuni za usafirishaji, mawakala wa mizigo wa bandarini, na barua mkononi, ukiwa umevaa viatu vinavyofungwa. Waambie umekaa kwenye mizani misimu miwili. Kwao neno "mizani" lina uzito kuliko "shahada", ingawa shahada usiifiche.

*Mama, kuna grupu la WhatsApp la ajira za mradi wa gesi asilia Lindi. Tupo zaidi ya 800. Admini anasema majina yanapelekwa Ijumaa, kila mtu atume 35,000 ya fomu na vipimo vya afya. Ana picha amevaa helmeti. Nitume?*
*– Msomaji, Masasi*

Usitume. Mwajiri wa kweli hakuuzii fomu kwenye simu ya mtu binafsi, na Ajira Portal ya serikali haitozi hata senti. Ujumbe wenyewe na namba ya huyo admini vipeleke 15040, hiyo ndiyo namba ya kuripoti matapeli wa simu. Halafu piga hesabu: watu 800 mara 35,000 ni shilingi milioni 28. Kwa hela hiyo hata mimi ningevaa helmeti.

Sikucheki. Sisi wa huku neno "gesi" linatuingia mwilini. Nakumbuka kati ya 2012 na 2014 vyumba vya kupanga Shangani, hapa Mtwara, vilivyopanda bei, vijana wakakimbilia kozi za Kiingereza na za usalama kazini, kila mwenye gari akajiona na kampuni ya usafirishaji. Wapo waliopata, na wapo ambao vyeti vyao vya kozi nimeviskani majuzi, vimeanza kuwa njano. Likong'o, kule Lindi panapotajwa mradi wa gesi, nilipopita mara ya mwisho niliona minazi na vichaka, sikuona foleni ya waajiriwa.

*Habari Mama. Nina miaka 24, nafanya mapokezi kwenye nyumba ya wageni Lindi mjini kwa mkataba unaoisha mwezi ujao. Meneja ananiandikia saa nne, saa tano usiku: "umelala?" Juzi kaandika kwamba kuongezwa mkataba ni mazungumzo ya watu wawili, nje ya kazi, Jumamosi. Namsomesha mdogo wangu, kazi naihitaji. Rafiki yangu anasema nimuanike Instagram na meseji zake zote.*
*– Binti wa Lindi*

Jumamosi usiende. Hayo mengine tuyaongee taratibu, lakini hilo lishike kwanza.

Anachokutaka meneja wako kina jina: rushwa ya ngono. Kipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25: mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe kazi, akupandishe cheo au akupe haki yako, ametenda kosa la jinai. Kwa hiyo usikae ukajiuliza kama ulicheka naye sana pale mapokezi, au ile gauni ya Idi. Wanaoniandikia habari hizi, karibu wote, aya ya kwanza wanajitetea. Hushtakiwi wewe.

Mjibu mara moja, kwa maandishi, kwa adabu: "Meneja, habari za mkataba tuzungumze ofisini saa za kazi. Asante." Usiongeze kicheko wala emoji. Baada ya hapo meseji za usiku usizijibu, na wala usizifute. Najua zinakuchefua kuziona, lakini ndiyo mali yako. Piga skrinishoti zinazoonyesha namba yake na tarehe, zitume kwenye simu ya mtu unayemwamini, maana simu huibwa, na simu za namna hii huibwa kwa wakati mbaya. Nunua daftari dogo, andika siku, saa, alichosema na aliyekuwa karibu. Mwambie mwenzako mmoja wa kazini sasa hivi, siyo baadaye, ili siku akiulizwa aseme alisikia lini. Kisha piga 113, simu ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, au nenda ofisini kwao hapo Lindi. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na shangazi au mama mkubwa mwenye sauti.

Instagram hapana, angalau sasa. Siyo kwamba namwonea huruma. Ukimposti leo, kesho atakuwa amefuta akaunti, kabadili namba, na mazungumzo ya mji yatahama kwake yaje kwako: picha zako za zamani zitachimbwa, na yeye ndiye atakayekwenda kulalamika kwamba umemchafulia jina. Unamgeuza mshtakiwa kuwa mlalamikaji. Watu wa TAKUKURU wanamtaka akiwa bado hajui.

Mkataba anaweza asikuongezee. Siwezi kukuficha hilo. Kwa hiyo kuanzia leo tafuta kwingine huku bado una kazi; mpokea wageni anayejua vitabu vya hoteli hakosi pa kuanzia, Lindi hata Kilwa Masoko. Nitumie CV yako, nitakuchapia bila hela.

*Mama, mimi nimefukuzwa kwa statasi. Niliandika WhatsApp "bosi mwenye roho ya kunguru", sikutaja jina. Mwenzangu wa kazini kapiga skrinishoti akampelekea. Kesho yake nikapewa barua, kazi basi, baada ya mwaka na miezi miwili. Ni wiki ya pili sasa. Je, nina haki?*
*– Wa Chikongola*

Unayo, na siku zinahesabika. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Wiki mbili umeshazila. Ofisi ipo hapa Mtwara, fomu inaitwa CMA F1, kuijaza siyo kazi kubwa na mimi nimeijaza na wengi. Mwajiri anatakiwa awe na sababu ya haki na pia afuate utaratibu: akuandikie tuhuma, akupe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, akusikilize, uruhusiwe kuwa na mfanyakazi mwenzio au mtu wa chama chako cha wafanyakazi. Barua ya kesho yake asubuhi haikupitia huko. Ungekuwa na chini ya miezi sita kazini ningekupa majibu mengine, maana kinga hiyo haikugusi kabla ya hapo.

Haya, hiyo ndiyo haki. Sasa kunguru.

"Sikutaja jina." Mnafanya kazi watu tisa! Mtwara hii, ukisema "mwenye gari nyeupe anayechelewa" watu wanakwambia na namba ya gari. Na usimlaani sana aliyepiga skrinishoti. Statasi uliiweka wewe, ukawaonyesha watu 200 waliohifadhiwa kwenye simu yako, fundi bomba yumo.

Nakusema huku nikijua ninachokisema. Mwaka 2016 nilikuwa na grupu la kikoba na grupu la kazini, yamekaa jirani kwenye simu. Bosi wetu wa wakati huo alikuwa na ugonjwa wa kuitisha kikao Ijumaa saa tisa alasiri. Nikarekodi sauti ya dakika nzima, nikamwigiza anavyosema "kwa ufupi tu ndugu zangu" halafu anakwenda saa mbili. Nikatuma. Nikasubiri akina mama wa kikoba wacheke. Kimya. Nikaangalia vizuri: grupu la kazini, tiki mbili za bluu. Enzi hizo WhatsApp haikuwa bado na ile ya kufuta kwa wote. Niliishika simu kama nimeshika kaa la moto, nikaizima, kana kwamba kuizima kutawarudisha nyuma waliosikia.

Jumatatu niliwahi mlangoni kwake kabla hajaniita. Nikasema, "Nimekosa, mzee." Akanitazama muda, akasema, "Sauti umeipatia." Sikupewa barua ya onyo. Ila kuna semina ya Morogoro niliyokuwa nimepangiwa, akaenda mwingine, na sikuuliza.

Kwa hiyo peleka fomu wiki hii. Na kwenye usuluhishi wakikuuliza kuhusu statasi, kubali uliandika, sema ulikosea, usianze kueleza kwamba kunguru ni ndege tu. Msuluhishi naye ana bosi.

*Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, natokea Kagera, nimepangiwa zahanati moja wilaya ya Nanyumbu. Huu ni mwezi wangu wa nne. Nawahi, nafanya kazi yangu, simgombezi mtu, lakini wenzangu wananiita "yule mgeni" na nimesikia wanasema najisikia. Nimewakosea nini?*
*– Mgeni wa Nanyumbu*

Marahaba mwanangu, na pole kwa ugeni. Nikuulize: asubuhi ukiingia unafanyaje? Nahisi unasema "hamjambo" moja ya jumla, unavaa koti, unaanza. Kwenu pengine huko ndiko kuheshimu kazi. Huku kusini umewapita watu.

Zunguka. Mhudumu mwenye umri wa mama yako, hata kama kwenye orodha ya mishahara yupo chini yako, mwinamie kidogo: "Shikamoo mama, umeamkaje? Watoto? Mguu unaendeleaje?" Huo mguu ndiyo wenyewe. Jana alichechemea, wewe muuguzi, umeuona, hukuuliza. Dakika tano zitakwisha kabla hujagusa sindano, usizihesabie zimepotea; mchana ukielemewa na foleni ya kliniki, huyo mama ndiye atakayekuja kushika upande wa pili bila kuitwa.

Kukiwa na msiba, usitume tu hela kwa simu. Hela tuma, halafu nenda, vua viatu, kaa kwenye mkeka na wanawake wenzio, hata nusu saa, hata kama huelewi Kimakua kinachoongelewa. Likizo za shule zikifika utaalikwa kwenye ngoma za watoto waliotoka jandoni au unyagoni. Peleka kanga, simama pembeni, watakuvuta wenyewe. Mtu akikuletea ming'oko ya kuchemsha kwenye kibakuli, uile pale pale, usiseme utakula jioni. Na kibakuli usikirudishe kitupu. Weka hata senene ukizileta kutoka kwenu. Watazikataa, watacheka wiki nzima, na huo ndiyo mwanzo wa utani.

Niliwahi kupangiwa Liwale nikiwa msichana, mtoto wa pwani niliyezoea samaki, nikajifungia ndani miezi mitatu nikiamini wananichukia. Kumbe walikuwa wanasubiri nitoke niwaombe chumvi.

*Mama, la haraka: CV iwe na picha au isiwe?*
*– Mtwara*

Isiwe, mpaka uombwe. Ukiombwa, weka pasipoti saizi, nywele nadhifu, uso unaonekana. Hizi za harusini mnazoniletea nizikate, mtu amekushika bega, sina la kufanya: huo mkono nimejaribu kuuondoa kwenye kompyuta mara nyingi na kila mara vinabaki vidole viwili.